Vikapu vya Chumba cha Vitabu

Ninyi wawili mnaopokea funguo za chumba cha vitabu, nimeombwa niwaandikie machache kuhusu kazi, kwa kuwa mimi nimestaafu. Watu mjini wanacheka nikilitamka neno hilo, maana ndevu zangu bado zinaota kwa zamu, upande huu leo, upande ule mwezi ujao. Lakini mtu akiacha kazi aliyoipenda, akaenda kulima Mpui kwa sababu ameoa huko na mkwe wake ana mashamba mengi kuliko watoto, huyo amestaafu hata kama magoti yake ni mazima. Mambo ya cheo na mshahara siyaandiki. Cheo kilikuwa kimoja tangu mwanzo mpaka mwisho, na mshahara haukukaa mfukoni muda wa kutosha nikaufahamu. Nitaandika yale ambayo hamtayakuta katika kile kitabu cha sheria kilichofungwa kamba mezani.

Mimi ni mtu wa Wampembe, kule chini ziwani. Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la sita, nikaishia hapo kwa sababu baba alihitaji mtu wa kuanika dagaa na kufukuza kunguru. Kunguru wenyewe sikuwafukuza sana. Nilikuwa nimelala juu ya mchanga nikijiona nimekaa chumba kikubwa chenye vitabu hadi darini, watu wanakuja kuniuliza mambo, nami nanyoosha kidole tu: kile pale. Siku moja padre akasoma tangazo kutoka boma. Walitakiwa vijana wa kufundishwa kazi ya maktaba huko Sumbawanga, wanaojua kusoma, kuandika na kukaa kimya. Hilo la tatu sikuwa nalo, lakini nilidhani nitajifunzia huko huko.

Basi nikapanda ile milima na shati moja la ziwani na furushi la migebuka mikavu, samaki wa kwetu. Ulikuwa mwezi wa sita. Mtu wa ziwani hajui baridi. Anaisikia kama hadithi. Nilipofika Sumbawanga upepo wa Ufipa ulikuwa unapita mjini kama askari wa kodi, nyumba kwa nyumba, hauachi mtu. Nilipewa chumba nyuma ya duka la Mzee Hamad, mwenye lori la mizigo, ambaye mwanawe Salum alikuwa amechukuliwa katika mafunzo hayo hayo. Mama yake Salum aliponiona natetemeka alinitupia blanketi bila kuniuliza jina. Jina aliniuliza kesho yake.

"Desideri," nikamwambia.

"Na hilo furushi linalonuka, Desideri?"

"Migebuka, Mama. Nimekuletea."

"Basi kaa," akasema. Tangu siku hiyo Salum hakuniita jina langu. Aliniita Migebuka.

Shule yetu ilikuwa ukumbi mmoja wa bati ubavuni mwa boma, na mwalimu wetu alikuwa Mwalimu Abdulrahman, mtu wa Ujiji. Alivaa kanzu nyeupe, juu yake koti, na shingoni tai. Kazi alikuwa amejifunza Dar es Salaam, na alitembea polepole kama mtu aliyebeba maji yaliyojaa. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu, akatuhesabu kwa macho, ingawa tulikuwa Salum na mimi tu.

"Darasa lolote lina kiranja," akasema. "Salum, wewe ni kiranja."

Kwa hiyo mimi nikawa darasa. Kila asubuhi Salum alipaaza sauti, "Darasa, simama," nami nikasimama. "Darasa, kaa," nikakaa. Nikichelewa, darasa zima lilikuwa limechelewa.

Nilitazama huku na huku, nikaona rafu nzuri za mninga, meza, muhuri, kidau cha wino, sanduku la kadi. Kitabu kilikuwa kimoja tu, kile cha sheria.

"Mwalimu, samahani, vitabu viko wapi?"

"Vinakuja."

"Vimefika wapi?"

"Vilishushwa melini Kasanga. Lori limekwama mahali, ng'ambo ya Matai. Lakini sikiliza, Desideri. Kazi ya maktaba haianzi na vitabu. Inaanza na utaratibu."

Na tukaanza na utaratibu. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na matofali yaliyobaki baada ya ujenzi. Mwalimu alituamuru tuyafute vumbi, tuyafunge magazeti ya zamani, na kila moja tuliandikie jina na namba. Kulikuwa na tofali la Dini, tofali la Kilimo, tofali la Jiografia na matofali mengi ya Historia, maana hayo ndiyo yaliyovunjika vunjika. Tukayapanga kwenye rafu, tukayatolea kadi. Salum alikuwa msomaji, mimi karani; halafu mimi msomaji, Salum karani. Nilikuwa naomba tofali la Kilimo kwa adabu, napewa, nakaa nalo mezani kimya mpaka Mwalimu aseme muda umekwisha. Msicheke. Mpaka leo mkinifunga kitambaa machoni nitawapangia rafu bila kukosea, na sababu ni kwamba tofali likikuangukia mguuni huwezi kulisahau fungu lake.

Jambo gumu la kwanza nililokutana nalo kazini lilitokana na lile tofali la Jiografia. Fundi mmoja wa majiko alipita, akaliomba akalinganishe kipimo. Salum, kwa kuwa alikuwa zamu ya ukarani, akamwandikia kadi. Siku ya kurudisha ikapita. Mwalimu akatutuma, akisema kitabu kilichochelewa hufuatwa kwa upole. Tukamkuta fundi kwake amekaa, na Jiografia imeshajengwa ndani ya jiko, chungu cha maharage kinachemka juu yake.

"Sasa mnataka nibomoe chakula?" akauliza.

Tulitazamana. Salum akatoa kadi, akaongeza muda. Kuanzia hapo kila Ijumaa mmoja wetu alikwenda kuongeza muda wa lile jiko, na mke wa fundi alitupa maharage, kwa hiyo tukawa tunagombea zamu.

Wakati huo huo tulikuwa na adui. Simsemi vibaya, hata adui ana shida zake. Bwana Shauri, yule Mwingereza wa boma, alikuwa na magunia ya mbegu ya mahindi yaliyokaa chini ya turubai, na alikuwa akiutaka ukumbi wetu uwe ghala. Alikuwa akiingia, anatazama rafu, anatazama matofali, anatutazama sisi, kisha anahesabu hatua kutoka ukuta mpaka ukuta. Alimwambia Mwalimu wazi kwamba mkaguzi wa maktaba atakuja kutoka Dar es Salaam kutupima mwisho wa mafunzo. Tukifaulu, chumba kitabaki cha vitabu na sisi tutapewa kazi. Tukishindwa, mbegu zinaingia, sisi tunatoka.

"Mbegu ni kitu cha maana," alisema kwa upole. "Inaota."

Siku hiyo nililala na wazo la kurudi kwa kunguru wa baba yangu, na sikulipenda.

Mwishowe vitabu vikafika, vimelowa pembeni. Vilikuwa vimetolewa sadaka na watu wema wa Ulaya ambao, nadhani, hawakuwa wameambiwa vinakwenda wapi. Kulikuwa na kitabu cha kufuma soksi, cha kuongoza merikebu penye ukungu, cha adabu za mezani kwa wake wa maofisa, na kinene kimoja chenye picha, cha kufuga nguruwe katika nchi za theluji. Vya Kiswahili vilikuwa vichache, navyo vilikwisha kusomwa na makarani wote wa boma katika mwezi wa kwanza. Salum alipoletewa kile cha nguruwe akipige muhuri alirudi nyuma hatua.

"Mwalimu, mimi na hiki tunatofautiana dini."

Mwalimu Abdulrahman alikichukua, akakigeuza, akakipiga muhuri yeye mwenyewe. "Karatasi haina kwato," akasema. "Fungu la Kilimo."

Sasa niwaeleze habari ya vikapu ilivyoanza. Siku ya soko, mama mmoja mzee aliingia kukimbia upepo. Alikuwa Bibi Felista, mjane, anakaa nje ya mji njia ya Mpui, ana kikapu cha maharage kichwani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akapiga magoti kidogo na makofi ya polepole kama wafanyavyo Wafipa, akaniuliza habari za nyumbani, za baba, za mama, za samaki, za ziwa lenyewe. Salamu zilipoisha akatazama rafu.

"Hivi vyote ni vya nani?"

"Vya watu, Bibi. Vinaazimwa."

"Vinaazimwa kama jembe?"

"Kama jembe."

"Basi niazime kimoja." Akavipitia kwa macho, akasimama kwenye picha ya nguruwe katika theluji. "Maskini. Hawa wamemwagiwa unga?"

Hakujua kusoma hata herufi moja. Nikamwita Mwalimu. Mwalimu akafungua kitabu cha sheria akatafuta kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Hakukuwa na mahali palipoandikwa kwamba mwazimaji ajue kusoma. Kilichoandikwa ni kwamba awe na mikono safi. "Bibi, tuonyeshe mikono," akasema. Ilikuwa safi kuliko yetu. Akaweka dole gumba kwenye kadi, akaondoka na nguruwe kikapuni juu ya maharage.

Soko lililofuata alikirudisha. Kilikuwa kimefungwa kitambaa, kimelazwa katika kikapu juu ya unga wa ulezi uliojaa hadi ukingoni. Ninyi mmekua hapa, hamhitaji kuelezwa: kitu cha watu hakirudi mikono mitupu. Hata Wampembe ni vivyo hivyo. Bakuli la jirani likirudi bila dagaa hata wachache, jirani anajua una neno naye. Nikaupokea unga kwa mikono miwili. Na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo kila mtu aliyelelewa vizuri angelifanya. Nimekimimina kikapu, nimebaki na kikapu cha mtu mkononi, kitupu. Nitamrudishiaje kitupu? Nilitazama kila mahali, sikuona kitu kingine cha kutia. Nikatia kitabu, kile cha merikebu na ukungu.

Bibi Felista akashukuru, akaenda. Soko lililofuata merikebu ikarudi juu ya mayai. Nikatia kitabu kingine.

Nadhani mnaona tulikoingia. Jirani zake walimwuliza, naye akawaambia, nao wakaja. Kila anayerudisha kitabu analeta kitu, kila anayeleta kitu lazima kikapu chake kiondoke na kitabu, na kila anayeondoka na kitabu lazima arudi na kitu. Hapakuwa na mlango wa kutokea. Nilimwona mzee mmoja amesimama na kitabu cha kufuma soksi, uso umechoka, akaniambia pole pole, "Kijana, mimi nilikuja siku ile kumsindikiza shemeji tu." Lakini alikuwa ameleta kunde, ningefanyaje?

Makarani wa boma walikuta rafu nyeupe. Mahali pa Historia palikuwa na maharage, Dini ilikuwa na viazi, na kwenye Sayansi alilala jogoo. Mwalimu Abdulrahman aliteseka sana. Alikuwa na imani moja kubwa, kwamba maktaba nzuri ni ile ambayo kila kitabu kipo mahali pake, na sasa mahali palikuwepo, kitabu hakuna. Lakini utaratibu hakuuacha. "Kila kiingiacho maktabani hupigwa muhuri," akasema, na Salum akakaa kupiga mayai muhuri. Alikuwa na mkono mwepesi, sijaona yai alilovunja. Vilivyotushinda kula tulivipeleka kwa wagonjwa hospitali, mpaka muuguzi mmoja akaja kuuliza kwa nini yai la mgonjwa wake limeandikwa lirudishwe kwa wakati.

Neno la kazi hapa: gundi ya dukani ikiwaishia, unga wa mahindi unapikwa uji mwepesi, unatiwa chumvi kidogo, unashika mgongo wa kitabu vizuri. Ulezi usijaribu. Unashika, lakini kitabu kinabaki na rangi ya matope na mende wanakitambua kutoka mbali.

Ndipo habari ikaja kwamba mkaguzi yuko njiani. Mwalimu alitukusanya, kiranja na darasa.

"Akikuta jogoo kwenye Sayansi," akasema, "sisi tumekwisha, na mbegu zinaingia. Nendeni sokoni. Waambieni watu, kwa heshima, siku hizi wasilete kitu. Waje hivi hivi."

Tukaenda. Nilimkuta Bibi Felista amekaa nyuma ya maharage yake.

"Bibi, ukija kurudisha kitabu usilete kitu."

"Nisilete kitu?"

"Usilete, Bibi. Njoo tu."

"Hata unga?"

"Hata unga."

Akapanga punje za maharage kwa kidole. "Mwalimu wenu anaumwa?"

"Mzima kabisa."

"Na wewe tumbo ni zima?"

"Zima, Bibi."

"Basi sawa, mwanangu."

Nikaondoka nafurahi. Nilikuwa nimekaa Ufipa karibu mwaka mzima na bado sikuwa nimejua kwamba "basi sawa" ikisemwa kwa sauti ile ni mlango unafungwa pole pole ili usimgonge mtu.

Asubuhi ya ukaguzi tulifungua mapema. Nje tulikuta watu wengi wamepanga mstari, wametulia, wamevaa nguo za kanisani. Mmoja mmoja aliingia, akaweka kitabu mezani, akatusalimu salamu yote bila kuruka neno, akaweka kikapu chini karibu na mlango, kimejaa, akatoka. Hakuna aliyesubiri kikapu chake. Yule mzee wa soksi alinishika mkono muda mrefu. "Tumekaa nanyi vizuri," akasema.

Bibi Felista alikuwa wa mwisho. Alirudisha nguruwe, ambao alikuwa amewaazima tena, akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa, akaenda zake.

"Kuna nini?" Salum akaninong'oneza. "Mbona kama tumefiwa?"

Hatukuwa na nafasi ya kufikiri. Tuliburuta vikapu tukavifungia chumba cha nyuma, tukamfunga jogoo mdomo kwa uzi, tukapanga vitabu. Na kwa mara ya kwanza tangu maktaba iwe maktaba, kila kitabu kilikuwa mahali pake. Mwalimu Abdulrahman alipita mbele ya rafu na kidole kimoja juu ya migongo ya vitabu, kutoka mwanzo hadi mwisho, na kidole hakikuanguka shimoni hata mara moja. Akatoa leso, akajifuta macho, akasema ni vumbi. Vumbi halikuwepo, nililifuta mimi.

Mkaguzi alikuwa Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kizuri. Bwana Shauri alikuja naye. Mkaguzi akaniambia nimletee kitabu cha merikebu. Nikaenda moja kwa moja nikakitoa bila kutazama namba. Akamwambia Salum atafute cha nguruwe. Salum akakileta kwa mikono miwili kama sahani ya moto, lakini akakileta. Mkaguzi alikagua kadi, akakagua muhuri, akapitisha kidole juu ya rafu, akakitazama.

"Sijaona chumba kilichopangwa namna hii," akasema. "Na wasomaji?"

"Wanaheshimu sana ukimya," Mwalimu akajibu.

Tukafaulu, wote wawili. Mkaguzi alitupa mkono, akapanda gari. Bwana Shauri alibaki mlangoni, na kwa haki yake niseme hakukasirika.

"Hongereni," akasema. "Lakini chumba chenye vitabu bila watu ni ghala, na cha kutia ghalani mimi ninacho. Mwezi ukiisha nitapita siku ya soko. Nikikuta hivi, naleta mbegu."

Tulicheka alipoondoka, maana watu tulikuwa nao wengi kuliko rafu. Siku ya soko tukafungua, tukakaa. Alikuja karani mmoja kuuliza saa. Soko lililofuata hakuja hata karani. Nilimwona Bibi Felista anapita barabarani na maharage yake, na shingo yake haikugeuka. Ndani, vitabu vilikuwa vimesimama kila kimoja mahali pake, na sijawahi kuona kitu cha kusikitisha kama kile.

"Tuliwafukuza," nikamwambia Salum.

"Tuliwafukuza vipi? Tuliwaambia waje."

"Tuliwaambia wasilete kitu. Jirani akikuambia usimletee kitu, unamwelewaje?"

"Kwamba amenichoka," Salum akasema.

"Ndiyo maana walikuja kutuaga."

Tukaingia chumba cha nyuma. Vikapu vilikuwa pale, vimejaa kama vilivyoachwa, panya wameshaanza kazi. Salum akasema wameviacha kwa sababu hawataki hata kikapu tulichokishika. Mimi sikukubali. Mtu aliyemalizana nawe kabisa hakuachii kikapu chake. Anamimina, anakung'uta, anaondoka nacho. Aliyekiacha amekuachia njia. Nikamwendea Mwalimu, nikamwomba ruhusa ya kupeleka vikapu nyumba kwa nyumba, kila kimoja na kitabu ndani.

"Mwazimaji huja maktabani," Mwalimu akasema. "Maktaba haiendi kwa mwazimaji."

"Mwalimu, mwisho wa mwezi hapatakuwa na maktaba ya kuja."

Akafungua kitabu cha sheria. Alisoma kwa muda mrefu, midomo inacheza, nami nikasimama hapo naomba Mungu kimya kimya, nikiwa nimejifunza hatimaye. Mwishowe akakifunga.

"Imeandikwa kitabu kisitoke bila kadi na muhuri," akasema. "Haikuandikwa kadi na muhuri visitembee." Akanipa muhuri umefungwa ndani ya leso yake.

Mzee Hamad alituazima baiskeli mbili. Salum alichukua upande wa Matai, mimi njia ya Mpui, vikapu vimefungwa nyuma na mbele mpaka nilikuwa naona barabara kwa jicho moja. Huko Mpui ndiko nilikomwona binti aliyetoka kupokea kikapu cha babake akaniuliza kama vikapu vinaniendesha au ninaviendesha, lakini hilo si la kazini. Nilianza na Bibi Felista, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa zaidi.

Alikuwa uani anapeta ulezi. Tulisalimiana yote, ya Wampembe na ya Sumbawanga. Akanipa kigoda. Kikapu nikakiweka kati yetu, kimefunikwa, na hakuna aliyekitazama, kama ilivyo adabu. Akauliza hali ya Mwalimu. Nikamwambia ni mzima. Kisha nikamweleza yote, mkaguzi, mbegu, jogoo, hofu yetu.

Alipeta kidogo. "Kwa hiyo mlituonea haya."

"Ndiyo, Bibi."

"Mbele ya mgeni."

"Mbele ya mgeni."

"Hata mimi akija mgeni, kuku anayenyea ndani namtoa nje," akasema. "Lakini simwambii kuku asirudi."

Akaweka ungo chini.

"Mzee wangu alipokuwa hai, jioni watu walikuwa wanapita hapa. Alikuwa anapenda maneno. Alipokufa, wakapita tena msibani, halafu wakaacha. Wana haki, mimi maneno sina. Nilipoleta kile kitabu, katekista akapita kutazama picha. Akakaa akatusomea, anageuza maneno kwa Kifipa. Kesho akaja na mkewe. Wakaja wa ng'ambo ya kijito. Humu ndani hapakutosha." Akatazama mlango wa nyumba yake. "Tulipokirudisha walikuja jioni moja. Wakakaa. Kitabu hakuna. Wakaniaga mapema."

Nikaanza kufungua leso ya Mwalimu.

"Kile kitabu," akasema, "katekista alikuwa amefika pale nguruwe wamefungiwa, unga unaanguka tu kutoka mbinguni, na mwenyewe hajulikani alipo. Walipona?"

"Sijui, Bibi. Sijakisoma."

"Miaka yote umekaa nacho hujakisoma?"

"Ni mwaka mmoja, Bibi."

"Wewe ni mtu gani?" akauliza, akafunua kikapu mwenyewe. Nguruwe walikuwa ndani. Akavuta kadi kwangu, akaweka dole gumba, nami nikapiga muhuri juu ya goti langu. Hakusema kama atakuja wala kama hatakuja. Nilimaliza nyumba zote za njia ile, na kila mahali ilikuwa hivyo. Walipokea, walishukuru, hawakuahidi.

Siku ya soko ya mwisho wa mwezi tulifungua mlango, Salum na mimi tukasimama ndani, Mwalimu amekaa mezani na tai yake. Jua lilipanda. Bwana Shauri alikuja, akasimama katikati ya ukumbi uliokuwa na mapengo kwenye rafu na hakuna mtu, akatoa saa. Mwalimu hakuinuka. Nilimwona anakunja ncha ya kanzu na kuikunjua.

Kisha tukasikia salamu. Zilikuwa mbali bado, upande wa sokoni, makofi yale ya polepole, mtu anamwuliza mtu habari za watoto. Zikakaribia. Bibi Felista akaingia wa kwanza, kikapu kichwani, na nyuma yake mstari ukatokea mlangoni, ukazunguka boma, ukapotea nyuma ya bendera. Mzee wa soksi alikuwemo, na safari hii alikuwa na mbuzi.

Bibi akapiga goti mbele ya Bwana Shauri, akamwuliza habari za nyumbani, za mama yake, za mahindi. Bwana Shauri akajibu moja moja, akarudi nyuma hatua kwa hatua kadiri watu walivyoingia, mpaka akajikuta nje.

"Walipona?" nikamwuliza Bibi.

"Mmoja alikufa," akasema. "Tulimlilia vizuri."

Bwana Shauri alitazama kutoka nje muda mfupi, akavaa kofia, akaenda kutafutia mbegu zake nyumba nyingine. Ndani, mbuzi alikuwa amefika kwenye fungu la Dini. Nilimtazama Mwalimu Abdulrahman, nikingoja afungue kitabu cha sheria. Alisimama, akavua koti, akalitundika, akakunja mikono ya kanzu mpaka kwenye viwiko.

"Mayai kushoto, unga kulia," akasema. "Mbuzi afungwe nje. Na anayeshika muhuri anawe mikono kwanza."